Mtandao wa Ufipa: kuanzia waya wa Rhodes mpaka msumari wa baba

Jumapili usiku, Mlimani

Haya wadau, nimerudi. Najua nimepotea, na wengine mmeshaanza kusema Mfipa kapanda ungo kaenda kwao na ungo umeharibikia njiani. Teh teh. Ni kweli nilikwenda kwetu Sumbawanga, ila kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar, na mgongo bado unalalamika.

Utani wa ungo tumeuzoea. Mtu akisikia Sumbawanga anachojua ni radi na wachawi. Ajabu ni kwamba jina lenyewe kwa Kifipa linasema kinyume chake: sumba ni tupa, wanga ni uchawi. Tupa uchawi. Mji ulijiita kwa kitu unachokikataa, nchi nzima ikausingizia kitu hichohicho. Lakini leo sikuja kujitetea. Nataka kuwasimulia ugomvi mdogo kati yangu na mzee kuhusu rauta ya Wi-Fi, na jinsi ugomvi huo ulivyonirudisha kwenye historia ambayo, kwa kujidai kwangu, nilidhani ninaijua.

Ilikuwa hivi. Mzee alinipigia simu mwezi mzima kabla ya likizo. "Mwanangu, wewe si ndiyo msomi? Tafuta hiyo mashine ya intaneti uje nayo." Boom lilipoingia nikashuka Kariakoo, nikachagua rauta yenye antena nyingi kuliko zote dukani, imesimamisha mapembe kama mbuzi beberu. Nikafika nyumbani, nikaifunga koridoni, katikati kabisa ya nyumba, juu ya kabati. Ndivyo kila mwongozo unavyosema: weka katikati, weka juu. Vistari vya Wi-Fi vikajaa kila chumba. Nikajipongeza.

Asubuhi nikakuta rauta haipo koridoni. Iko sebuleni, inaning'inia kwenye msumari wa fremu ya dirisha. Nikairudisha koridoni. Jioni iko dirishani tena. Siku ya tatu mzee akasema kwa upole wake ule unaotisha: "Iache hapo. Mtandao upo hapo." Nikacheka. Mwanafunzi wa historia mwaka wa tatu nikamcheka baba yangu, nikamwambia Wi-Fi haijui msumari. Hakunijibu, akaenda zake kulisha kuku.

Nilikuwa na sababu ya kukasirika. Bibi analala chumba cha uani, jirani na jiko, kwa sababu baridi ya Sumbawanga si mchezo (mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari) na yeye anataka joto la moto. Rauta ikiwa dirishani, upande wa mbele, bibi hapati kitu. Na bibi ndiye aliyekuwa anaihitaji kuliko wote, kama mtakavyoona.

Sasa tuache nyumba yetu kidogo, twende kwenye historia.

Ukiuliza watu mawasiliano ya mbali yalifika Ufipa lini, wengi watakutajia simu za mkononi. Si kweli. Yalifika zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mwaka 1892 Cecil Rhodes alianzisha kampuni ya African Transcontinental Telegraph, lengo likiwa waya wa simu ya maandishi kutoka Cape hadi Cairo. Katikati ya njia kulikuwa na koloni la Wajerumani, kwa hiyo Machi 1899 Rhodes alikwenda Berlin kuonana na Kaiser Wilhelm II, akapata ruhusa ya kupita. Waya ukapanda kupitia Nyasaland, ukafika Abercorn, ambayo leo ni Mbala ya Zambia, ukaingia kwetu upande wa Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ukaelekea kaskazini hadi Ujiji. Ukaishia hapo. Rhodes alifariki mwaka 1902 na Cairo haikufikiwa.

Hebu fikirini. Ufipa ilikuwa na waya wa dunia kabla ya kuwa na barabara ya maana. Lakini Mfipa anayelima ulezi wake alipata nini katika waya ule? Yeye hakuwa mteja. Alikuwa sehemu ya umbali unaotakiwa kuvukwa. Waya ulipita kwake kama ndege inavyopita juu ya kijiji, unaiona na unaisikia, lakini haijaja kwa ajili yako.

Na habari zilipochelewa, waliolipa gharama ni watu wa chini. Vita Kuu ya Kwanza ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck wakati huo lilikuwa Rhodesia ya Kaskazini, maeneo ya Kasama. Hawakujua. Waliendelea na vita mpaka siku mbili tatu baadaye, taarifa iliyokuja kwa simu ya maandishi na kumaliziwa kwa mjumbe ilipowafikia. Walisalimisha silaha Abercorn tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya amani. Yaani hapo jirani tu na sisi, ng'ambo ya mpaka. Vita vile viliua makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika, wengi kwa njaa na magonjwa. Kwa mpagazi aliyebeba mzigo siku zile mbili tatu, amani ilikuwa imeshatiwa saini na yeye bado ana mzigo kichwani.

Kisha ikaja redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa shirika la utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1965 ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, ile RTD ya wazee wetu. Redio ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwona Mfipa kama msikilizaji. Masafa mafupi yana tabia nzuri: mawimbi yake yanapanda juu angani, yanagonga tabaka la hewa lenye chaji za umeme, yanarudi chini mamia ya kilomita mbele. Milima hayaijali sana. Ndiyo maana sauti ya Dar iliweza kufika Ufipa, japo ikiyumba kama mlevi, inakuja na kuondoka. Bibi anasema usiku mwingine walikuwa wanapata Lusaka vizuri kuliko Dar. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu kama milioni 2 nchi nzima kwenye vikundi vya kusikiliza redio, babu alikuwa katika kikundi cha kijiji chao. Walisikiliza, wakajadili, wakachimba vyoo. Redio moja, watu kumi na zaidi, chini ya mwembe. Hiyo nayo ni namna ya kusambaza mtandao, tena bila antena sita.

Simu ya mkononi ina tabia tofauti kabisa na redio ile. Mawimbi yake hayarudi kutoka angani. Yanakwenda karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na mlima ukiwa katikati umekwisha. Tanzania ilianza na Mobitel mwaka 1994, Vodacom ikaja 2000, Celtel 2001. Kwetu minara ilipoanza kusimama, ilisimama mjini na kandokando ya barabara kuu, kwenye watu wengi na kwenye umeme. Ni biashara, siwalaumu. Lakini itazameni ramani ya Ufipa. Huku juu ni uwanda wa nyasi, juu ya mji kuna milima ya Mbizi, halafu upande wa mashariki nchi inakatika ghafla kwenye ukuta wa Lyamba lya Mfipa, inashuka karibu mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Mnara ukiwa juu Sumbawanga, mtu aliye chini ya ukuta ule yuko kama nyuma ya mlango uliofungwa. Kwa kunguru si mbali. Kwa mawimbi ni nchi nyingine.

Kijiji cha babu kiko huko chini bondeni. Na hapa ndipo historia ya vitabuni iliponiishia, ikaanza nyingine.

Jioni ya siku ile ya tatu nilikwenda kukaa na bibi jikoni, bado nimenuna. Nikamwambia, bibi, mwanao ni mbishi, anataka mashine ikae kwenye msumari wake. Bibi akageuza mahindi kwenye moto, akaniuliza, "Mume wangu, hujui ule msumari ni wa nini?" Nikasema sijui. Akanisimulia.

Babu alifariki mwaka 2009. Mimi nilikuwa na miaka 6, sikumbuki kitu. Alifariki usiku wa Jumanne. Kijijini mtandao haukuwepo. Alfajiri baba mdogo akachukua simu, akaupanda mlima kwa miguu, masaa, mpaka kwenye jiwe ambalo kila mtu bondeni alilijua, ukisimama juu yake unapata vistari viwili. Akampigia baba. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani. Alipiga mpaka betri ikaisha, akashuka.

Simu ya baba haikuwa imezimwa. Ilikuwa chumbani, juu ya meza, katika nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, upande ambao mtandao haufiki. Na bondeni ni joto, maiti haisubiri. Babu alizikwa Jumatano. Baba alipata habari Alhamisi, kwa mtu aliyepanda na gari la samaki. Alipofika alikuta kaburi bichi na watu wanakunja mikeka.

Aliporudi mjini, bibi anasema, alizunguka nyumba nzima simu ikiwa mkononi, chumba kwa chumba, juu na chini, kama mtu anayetafuta alichodondosha. Pale dirishani sebuleni vistari vilipanda. Akaleta nyundo. Tangu siku hiyo simu ilining'inia kwenye ule msumari mchana na usiku, miaka, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuitoa. Hapo nikakumbuka kweli, utotoni tulikuwa tunachapwa kwa kuchezea simu ya dirishani. Mimi nilidhani ni ukali tu wa mzee.

Wadau, chuoni tunafundishwa kwamba vyanzo vya historia ni maandishi, masimulizi na vitu. Mimi nimekariri hilo kwenye madesa tangu mwaka wa kwanza. Nyumbani kwetu kulikuwa na kitu, kimepigwa ukutani kwa nyundo, na nilikipita kila siku bila kukiuliza swali. Tena nimekitoa rauta mara mbili nikicheka.

Basi usiku ule nikafanya nilichotakiwa kufanya tangu mwanzo: nikapima. Rauta yetu ni ya laini, inapata intaneti kutoka mnarani kwa 4G, si kwa waya. Kwa hiyo kuna safari mbili. Ya kwanza ni mnara kwenda kwenye rauta. Ya pili ni rauta kwenda kwenye simu yako. Vistari vya Wi-Fi vinaonyesha safari ya pili tu. Nikafungua ukurasa wa rauta wenyewe, unaonyesha nguvu ya mnara kwa desibeli. Dirishani: hasi 92. Koridoni: hasi 112. Tofauti ya desibeli 20 maana yake nguvu imepungua mara 100. Mara 100, jamani, kwa hatua chache tu na kuta mbili. Koridoni nilikuwa nasambaza vizuri kabisa kitu ambacho sijakipokea. Mzee alikuwa sahihi kwa safari ya kwanza. Mimi nilikuwa sahihi kwa safari ya pili. Na bibi alikuwa anakosa kwa sababu sisi wawili tunabishana.

Dawa ilikuwa kuzitenganisha hizo safari. Rauta ikabaki kwenye msumari wake, ikitazama mnara. Nikavuta kebo ya mtandao kupitia darini (kebo hizi zinafika mita 100 bila shida, mimi nilitumia kama 20) hadi stoo ya nyuma, nikafunga kifaa cha pili cha Wi-Fi, cha bei nafuu, kwenye dirisha linalotazama uani. Kutoka pale mawimbi yanavuka ua tu na kuingia kwa bibi kupitia mlango wake wa mbao. Mbao haina neno. Matofali mazito yanapunguza, bati na friji vinarudisha nyuma, na simtanki lililojaa maji linameza kabisa. Kuna vifaa vya kurudia mawimbi hewani bila kebo, lakini vingi vinatumia redio moja kupokea na kutuma, hivyo kasi inakatika nusu. Kwa nini sikuivuta kebo mpaka chumbani kwa bibi? Radi, wadau. Ile ya kweli, ya masika, siyo ya kwenye utani wenu. Waya wa shaba unaoruka ua ni mwaliko. Na mawingu yakifunga tu, mama anachomoa kila kitu ukutani.

Kwa wanaotaka kununua, haya niliyajua kwa kuchelewa. Kwanza jiulize intaneti inaingiaje nyumbani. Kama ni laini, chukua rauta ya kadi isiyofungwa kwa mtandao mmoja, kwa sababu mnara wa karibu leo si lazima uwe wa kampuni uliyoizoea. Hakikisha ina tundu la antena ya nje na tundu la kebo. Iwe na masafa yote mawili: gigahezi 2.4 inapenya ukuta vizuri zaidi, gigahezi 5 ina kasi lakini inachoka haraka. Kwenye 2.4 tumia chaneli 1, 6 au 11, nyingine zinaingiliana na jirani. Antena zisimame wima, maana zinatupa mawimbi pembeni, siyo kwenye ncha. Wingi wa antena si umbali, nguvu ya kutuma ina kikomo cha kisheria. Ile namba kubwa ya kasi kwenye boksi ni ya Wi-Fi ndani ya nyumba, siyo ya bando lako. Na ukipata ya volti 12, betri ndogo ya akiba itaiendesha umeme ukikatika. Kwetu hilo ni muhimu, kwa miaka mingi umeme wa Sumbawanga umetoka Zambia kupitia Mbala. Ndiyo, palepale Abercorn.

Mambo ya kuweka kitu mahali pake Wafipa hatukuanza leo. Wafua chuma wetu wa zamani walijenga malungu, matanuri marefu kama mita 3, na urefu ule ndio uliovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Mtu angeweza kuwa na mawe mazuri na mkaa mzuri, tanuri likikaa vibaya hapati chuma. Nadhani mzee, kwa msumari wake, yuko karibu na wale kuliko mimi na mapembe yangu ya Kariakoo.

Kikubwa nilichojifunza ni hiki. Tukiandika historia ya mawasiliano tunapenda kuuliza kitu kilifika mwaka gani. Waya wa Rhodes ulifika, lakini ulikuwa unakwenda Cairo. Minara ilifika, lakini bonde lilisubiri. Mwaka 2006 ilipitishwa sheria ya Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, hasa kwa sababu soko peke yake haliendi kwenye watu wachache na milima mingi. Hata ndani ya nyumba moja Wi-Fi inaweza kufika na bibi asiipate. Kwa hiyo swali langu siku hizi ni mbili: ilisimama wapi, na ilikuwa imekuja kwa ajili ya nani? Siku ile ya 2009 mtandao ulikuwepo juu ya jiwe na ulikuwepo dirishani. Haukuwepo juu ya meza ya chumbani, na hiyo ilitosha.

Sasa bondeni nako kunashika. Siku moja kabla sijarudi chuo, tulimpigia baba mdogo kwa picha, bibi akiwa amekaa kitandani kwake, dada kamshikia simu. Bibi hakutaka kusalimiana sana. Akamwambia, nipeleke kwa baba yako. Baba mdogo akatembea na simu mpaka kaburini, akaielekeza chini. Bibi akatazama muda mrefu. Tukadhani atalia. Akasema tu, "Majani yameota sana hapo. Palilieni."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema neno. Akaondoka kwenda sebuleni, na nilipomfuata nikamkuta anaangalia taa za rauta pale dirishani, moja moja, kama zote zinawaka.

Haya wadau, kwa leo naishia hapa, kesho nina semina saa 2 asubuhi na sijasoma kitu. Na wewe ukienda likizo, angalia kuta za nyumbani kwenu. Uliza msumari ni wa nini kabla hujaung'oa.